Fundi Makori Hakukataa Matibabu

Sogea karibu, wewe unayeanza kazi ya uuguzi, na wewe pia ambaye baba yako au babu yako ametolewa tezi dume. Nitaongea polepole. Mambo ya mkojo si magumu kuelewa, ni magumu kutaja tu, na kwa kuwa hayatajwi, wanaume wanaumia majumbani mwao miaka nenda miaka rudi. Jambo hilo linanikasirisha na sitaificha hasira yangu. Nimestaafu, hakuna wa kunihamisha tena.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ya misheni, kule milimani Nyamira. Enzi hizo glavu zilichemshwa, zikaanikwa, zikapakwa poda na kuvaliwa tena. Nilikuwa nimeipiga pasi sare yangu mpaka kola ikawa inanikwaruza shingo. Matroni, mama mrefu ambaye hukusikia hatua zake mpaka amefika, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye mwanamume peke yako kati ya hawa wapya?"

"Ndiyo, Matroni."

"Basi mipira ya wanaume ni yako. Yote. Anza na yule wa dirishani."

Mpira aliousema ni ule mrija laini unaopitishwa kwenye njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu, ili mkojo uliokwama utoke. Nikasukuma toroli hadi dirishani. Mzee aliyelala pale alikuwa amebanwa, tumbo limetuna chini ya kitovu kama kibuyu, jasho linamtiririka. Hata hivyo, nilipotaka kuinua shuka alinidaka mkono.

"Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia baba yangu.

"Na babu yako?"

Nikamtaja babu. Mzee akafikiri huku amekunja uso kwa maumivu, kisha akaniachia na kucheka kidogo, kadiri tumbo lilivyomruhusu.

"Kumbe wewe ni mjukuu wangu! Endelea basi, mzee mwenzangu. Lakini usiniharibie hii kitu, bado natafuta bibi mwingine."

Matroni alinikemea kwa kupoteza wakati na ngano za ukoo. Hakuwa mtu wa kwetu, na simlaumu. Lakini wewe sikiliza vizuri, maana yote nitakayosema yanasimama juu ya jambo hili.

Sisi Abagusii tuna adabu inayoitwa chinsoni. Baba na mwana hawaonani utupu, wala hawazungumzi habari za mwili. Na baba si yule aliyekuzaa tu. Ni kila mwanamume wa kizazi chake katika ukoo wenu. Mkwe ndiye mwenye kuheshimiwa kupita wote, hata kumkaribia sana ni vibaya. Babu na mjukuu, kinyume chake, hutaniana kama watu wa rika moja, na hakuna neno lisilosemeka kati yao. Kwa hiyo mzee yule hakuwa anapoteza wakati. Alikuwa anatafuta kujua kama mimi ni mtu anayeweza kumfunua shuka au la.

Nilikuja kugundua kwamba wauguzi wakongwe walilijua hilo na walikuwa na desturi yao. Kabla ya kusogeza toroli waliuliza ukoo. Muuguzi akionekana ni mwana, alimwachia mwenzake ambaye ni mjukuu au mtu wa mbali, naye akaenda kutandika vitanda. Haikuandikwa popote wala hatukufundishwa chuoni. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga aproni, na wagonjwa hawakutoroka.

Kutoka huko nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Ikonge, katikati ya mashamba ya chai. Huko ndiko nilikoanza kuwafahamu wagonjwa ninaotaka kukueleza habari zao. Tezi dume ni kiungo kidogo kilichokaa chini ya kibofu, kimeizunguka njia ya mkojo kama pete kwenye kidole. Mwanamume akizeeka pete hiyo huweza kunenepa na kuibana njia, ndipo daktari humfanyia upasuaji wa kuitoa. Wengi hupona kabisa. Lakini pale ilipotolewa panabaki kidonda, kidonda huacha kovu, na kovu, kama unavyolijua hata la jembe mguuni, hujikunja na kukaza. Kwa watu wachache kovu hilo huikaza shingo ya kibofu, yaani mlango wa kutokea mkojo. Mtu anarudi alikotoka. Mkojo unakuwa mwembamba kama uzi, anajikamua, anamaliza na bado anahisi hajamaliza, na akisharudi kuketi anasimama tena.

Dawa yake ya kwanza ni kupanua. Vyuma vyembamba, laini, vilivyopinda kidogo mwishoni, hupitishwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinene kuliko kilichotangulia. Si vibaya. Kuna wanaopona kwa kupanuliwa, na wengine kwa kovu kukatwa ndani kwa ndani na kifaa chenye kamera. Ubaya ni pale mtu anapanuliwa, anaziba, anapanuliwa, anaziba, na kila mara chuma kinachana na kuacha kovu jipya juu ya lile la zamani. Nilimuuliza Daktari Msimamizi wa kituo mpaka lini.

"Mpanue tu, Ombati. Akirudi, mpanue tena."

"Na akirudi tena?"

"Ni mzee. Unataka akimbie mbio?"

Nilisikia jibu hilo kwa wasimamizi watatu waliofuatana, na kila mmoja alilitamka kana kwamba amelibuni yeye. Ni mzee! Kana kwamba figo za mzee si figo. Mkojo usiotoka hurudi nyuma, huoza kibofuni, hutengeneza mawe, na mwishowe huziua figo zote mbili kimyakimya. Mtu anazikwa, watu wanasema alikuwa na umri. Nimekaa kwenye mazishi ya namna hiyo, nikairudisha sahani ya chakula bila kuigusa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa katika hospitali moja mjini Kisii, ambayo sitaitaja, kwenye kliniki ya njia ya mkojo. Hapo ndipo nilipokutana na Daktari Mpasuaji, mama mfupi kutoka Ukambani, mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Yeye ndiye wa kwanza kunionyesha kwamba kovu linalorudi-rudi lina ukarabati wake, na kwamba mgonjwa aliyepanuliwa mara nyingi asiendelee kusukumiwa chuma bali aletwe mezani. Nilihisi furaha, na papo hapo nikahisi hasira kwa ajili ya wote niliowapanua huko Ikonge kwa amri ya wakubwa.

Sasa nikuletee Fundi Makori.

Makori alikuwa fundi wa cherehani katika soko la Magwagwa, mshonaji wa sare za shule na makoti ya wazee wa kanisa. Alikuwa ametolewa tezi dume mahali pengine, akapona, kisha mkojo ukaanza kupungua. Alipanuliwa huku na kule mpaka akachoka kuhesabu. Cherehani yake, iliyokuwa mbele kabisa kando ya barabara, aliihamishia nyuma ya soko karibu na choo. Wenye vibanda wakapata la kusema.

"Fundi, siku hizi uko na ofisi ya ndani!"

"Ni fundi wa choo au wa nguo?"

Aliwajibu kwa mzaha, lakini Sabato aliacha kwenda kanisani, maana hakuweza kukaa mpaka mahubiri yaishe. Mkewe, Mama Kwamboka, ndiye aliyemleta kwetu, akiwa amebeba suruali mbili za akiba ndani ya kikapu, chini ya ndizi.

Kwa bahati, nilipouliza ukoo, nikajikuta mjukuu wake. Aliziangalia mvi zangu akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, umezeeka kuliko babu yako. Ni nini ilikufanyia hivyo?"

"Ni kuwashika ninyi mababu, sokoro."

Sokoro ndilo neno letu la babu. Alifurahi, akanieleza yote pasipo kuficha. Akapigwa picha ya eksirei iliyotiwa dawa maalumu ili njia ya mkojo ionekane, na picha ikaonyesha shingo ya kibofu imebaki tundu la kuingia labda sindano yake ya cherehani. Vipimo vya damu vilionyesha figo zimeanza kuchoka. Daktari Mpasuaji alisema kabla ya kupanga upasuaji lazima aangaliwe ndani kwa kamera, na haraka, kwa sababu figo hazingojei. Kamera ikapangiwa Jumatatu.

Jumatatu hiyo nilikuwa chumba cha upasuaji. Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye na wote wawili waliohusika, kila mmoja akiangalia chini.

Makori alivuliwa nguo, akavishwa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, akaingizwa chumba cha kamera na kulazwa. Mlango wa pembeni ukafunguka. Aliyeingia, barakoa usoni, glavu mkononi, kamera tayari, alikuwa afisa wa kliniki, yaani tabibu msaidizi wa daktari, aitwaye Duke. Duke ndiye aliyemwoa Kwamboka, kifungua mimba wa Makori.

Duke alikuwa ameitiwa mgonjwa kwa jina la ubatizo la Makori, Zablon, na nyumbani kwa wakwe hakuna anayemwita mzee hivyo. Makori alimtambua kwa macho, juu ya barakoa. Aliteremka kitandani, akalikusanya gauni nyuma kwa mikono miwili, akatoka kwa mlango wa mbele. Duke naye alitoka kwa mlango wa pembeni, akajifungia chumba cha kuoshea vyombo, akakaa huko. Chumba kikabaki na taa inawaka na muuguzi kijana kutoka Nairobi akiuliza ukuta, "Sasa hawa wameenda wapi?"

Mama Kwamboka alimkuta mumewe nyuma ya jengo, amesimama amebana mgongo ukutani. Alimfunga leso yake kiunoni, wakarudi Magwagwa.

Niliporudi kliniki nilimuuliza Msimamizi wa Kliniki mgonjwa wangu yuko wapi.

"Yule? Alikataa matibabu."

"Alisema amekataa?"

"Alitoka. Kutoka ni kukataa. Nafasi yake nimempa mwingine."

"Kuna mtu alimuuliza sababu?"

Msimamizi akaweka kalamu chini. Alikuwa mtu wa kwetu kabisa, wa upande wa Sironga, tena mwenye wakwe wake mwenyewe.

"Ombati, hapa ni hospitali. Mila ziachwe getini."

"Mgonjwa aliacha nguo getini, bwana mkubwa. Hakuacha mkwe. Mkwe mlimpa ninyi, na kamera mkononi. Wewe ungelala pale?"

"Usinifanye mjinga."

"Nimekuuliza. Ungelala pale mbele ya mume wa binti yako?"

Alikohoa, akasema sheria ni sheria na aliyekosa siku yake huanza mstari upya. Nilitoka na hasira yangu. Mpaka leo nikikumbuka hunirudia. Sikasiriki kwa sababu ya kosa. Kosa lilikuwa la bahati mbaya, na Duke hakuwa na hatia yoyote. Nakasirika kwa neno lile, alikataa. Ni neno linalomwosha mikono kila mtu. Mgonjwa akishaitwa mkataaji, hakuna anayemtafuta, na figo zake zinaendelea kufa huko nyumbani kana kwamba yeye ndiye aliyetaka.

Kabla ya Sabato kufika, Mama Kwamboka alinipigia simu. Makori alikuwa amebanwa kabisa, hata tone halitoki, na hataki kurudi.

"Mpe simu, mama."

Nikasikia pumzi zake za kukata.

"Sokoro, ni mimi."

"Mjukuu, nimeaibika. Wacha nikufe tu kwangu."

"Ukifa, nani ataosha maiti? Si utazingirwa na hao hao wana na wakwe? Bora uje nikuoshe mimi ukiwa hai."

Nikasikia kicheko kidogo, kikakatika kwa maumivu.

"Wewe ni mtu mbaya sana."

"Njoo. Duke hatakuwa karibu. Nitasimama mlangoni mwenyewe."

Alikuja. Kwa kuwa njia ya chini ilikuwa imefunga, Daktari Mpasuaji alimtobolea kwa ganzi juu kidogo ya kinena na kupitisha mpira moja kwa moja kibofuni. Mkojo ulipoanza kushuka, Makori alilia bila kuficha. Nilimweleza Daktari Mpasuaji yote kuhusu ukoo, mkwe na mlango wa pembeni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo nisilolitarajia.

"Na mimi je? Mimi ni mwanamke. Hatanikimbia?"

Nikampelekea Makori swali. Alishangaa.

"Huyo si mwanangu, si mkwe wangu. Ni mgeni. Tena tunaongea na yeye Kiswahili. Kwa Kiswahili naweza sema kila kitu. Kwa Ekegusii hayo maneno yanakataa kutoka mdomoni."

Kijana, lishike hilo. Kiswahili kwetu ni lugha ya shule na ya wageni, na siku hiyo ugeni wake ulikuwa dawa. Maneno yasiyotamkika nyumbani yanatamkika ndani yake.

Daktari Mpasuaji alimweleza ukarabati kwa kuchora, lakini Makori akaomba kitambaa. Nikampa kipande cha shuka kuukuu. Daktari akakikunja mfano wa mfuko wenye shingo nyembamba, akaeleza: tutaipasua hii shingo iliyokaza kwa urefu. Juu ya mpasuko, kwenye ukuta wa kibofu ambao bado ni laini, tutakata ulimi wa pembe tatu, bila kuutenganisha na kibofu chenyewe, ili damu yake isikatike. Halafu tutauvuta ulimi huo chini mpaka ncha yake ifike mwisho wa mpasuko, tuushone humo. Palipokuwa na kovu tupu panakuwa na nyama laini, na mlango unapanuka.

"Shati likibana kwapani tunaongezanga kipande," Makori akasema. "Lakini yangu inatoka kwa kitambaa ingine."

"Yetu inatoka palepale."

"Hiyo ni ushonaji mzuri." Akaukunja mfano wake na kuuweka chini ya mto.

Hakufichwa mabaya. Aliambiwa kwamba kovu huweza kurudi hata baada ya ukarabati, na kwamba mlango uliopanuliwa huweza kuvuja, kidogo au sana, kwa miezi au moja kwa moja. Mgonjwa lazima aambiwe hayo akiwa amevaa nguo zake na ameketi, si akiwa amelazwa.

Mkojo ulipimwa na vijidudu vilivyokuwamo vikatibiwa kwanza. Siku ya upasuaji nilisimama mlangoni kama nilivyoahidi. Makori alichomwa ganzi ya mgongoni, akakaa macho kazi nzima, akimuuliza daktari anatumia uzi namba ngapi. Mpira uliachwa ndani kwa majuma kadhaa ili mshono ushike juu yake. Usiuondoe mapema kwa kumhurumia mgonjwa anayelalamika. Kumhurumia ni kuuacha.

Tulipoutoa, alikwenda chooni peke yake. Mimi na Mama Kwamboka tulisimama koridoni tukijifanya tunaangalia tangazo la chanjo. Tukasikia. Ilikuwa sauti nene, isiyokatika, ya maji yanayogonga maji. Mama akauma upindo wa leso yake. Makori alitoka, akatutazama tulivyosimama.

"Mlikuwa mnasikiliza?"

"Hapana," tukasema pamoja.

"Waongo wakubwa."

Alivuja, sitakudanganya. Kwa miezi kadhaa alivaa kitambaa na kufanya mazoezi ya kubana misuli ya chini niliyomfundisha, yale ya kujizuia kama anayekatiza mkojo. Mvujo ukapungua mpaka ukabaki pale anapopiga chafya au kunyanyua mzigo. Figo hazikurudi kuwa mpya, lakini ziliacha kuzorota. Cherehani ilirudi mbele, kando ya barabara, na Sabato anakaa mpaka baraka ya mwisho. Duke humpelekea mchele kupitia kwa mkewe, na hawajawahi kutaja siku ile. Hawataitaja. Ndivyo inavyotakiwa.

Nilipostaafu, Makori alikuja na kifurushi. Ndani mlikuwa na gauni la hospitali, kitambaa cha kijani kilekile, lakini nyuma pande zake mbili zinapishana na kufungwa ubavuni, na mbele kuna mfuniko unaoinuliwa kwa vifungo pale tu panapohitajika. Mtu anaweza kulivaa na kutembea mbele ya mkwe wake bila kushika chochote.

"Wape wakubwa wako," akasema. "Waambie sikukataa."

Nililipeleka kwa Msimamizi wa Kliniki. Alilisifu sana, akaligeuza huku na huku, akasema sare za wagonjwa huamuliwa na ofisi nyingine. Hadi ninaposema haya gauni liko kabatini, na wazee bado wanatembea koridoni wakiwa wameshika mikono nyuma. Gauni moja, jamani. Swali moja la ukoo kabla ya kufungua mlango. Ni mzigo gani huo?

Nyinyi wauguzi vijana hamhitaji ruhusa ya ofisi yoyote kumuuliza mzee, "Sokoro, wewe ni wa nani?" Mnaweza. Nimewaona mkijifunza mambo magumu kuliko hilo.

Na wewe uliyetolewa tezi dume: mkojo ukianza kuwa mwembamba, nenda kliniki juma hilohilo, sema kwa Kiswahili, "Njia yangu inaziba tena, naomba nionwe na daktari wa njia ya mkojo." Kama umepanuliwa na kovu likarudi, uliza kuhusu ukarabati. Na ukilazwa kitandani, mlango ukafunguka akaingia mtu usiyeweza kufunuliwa mbele yake, usiondoke. Vuta shuka, kaa palepale, na uombe mtu mwingine.